Nani Alimchinja Mbuzi wa Krismasi

Mtu akinitakia Krismasi njema simjibu kwa ukali. Namshukuru, namtakia na yeye, kisha naendelea na njia yangu. Watoto wangu hawapendi. Wao wangetaka nimsimamishe mtu barabarani nimweleze kwamba sisi ni Waislamu, kwamba sikukuu zetu ni mbili na hakuna hata moja inayoangukia Desemba ishirini na tano ila kwa bahati ya mwezi. Mimi huwaambia wamwache. Anayekosea kwa kutojua hajanikosea kitu. Niliye na ugomvi naye ni mtu aliyezijua sikukuu zetu zote, aliyefika mlangoni kwetu kabla ya jamaa zetu wenyewe, akatoa salamu bila kukwama hata neno moja, na kumbe hakuwa akiiamini. Huyo bado nina hasira naye, na uzee wangu haujaipunguza.

Nilikulia Homa Bay, miaka ya kwanza kwanza ya uhuru. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja, karibu na njia ya kushukia ziwani. Kwa watu wa mji ule Mwislamu yeyote alikuwa Mswahili. Ungeweza kuwa Mnubi, au Msomali, au mtu wa kabila la Wanga kule Mumias kama mama yangu, au Mjaluo wa kuzaliwa Ndhiwa kama baba mwenyewe. Ukishavaa kofia wewe ni Mswahili, basi. Watu walisema baba "amekuwa Mswahili" kwa sauti ile ile waliyosema fulani amehamia Uganda.

Desemba ndiyo ilikuwa mavuno yake. Nguo za Krismasi za nusu ya mji zilishonwa na Mwislamu, na hakuna aliyeona ajabu. Wanawake walileta vitambaa, wakasimamisha watoto wapimwe, wakamwonya asiwacheleweshe.

"Na watoto yako, fundi, umeshonea wao ya Krismasi?" waliuliza.

"Wangu wana nguo za Idi."

"Si hiyo ndiyo Krismasi ya Waswahili?"

Baba alicheka na kuendelea kukata kitambaa. Ramadhani ndiyo ilikuwa vichekesho zaidi. Watu walidhani ni sikukuu ya mwezi mzima. Walimtakia "Hepi Ramadhani" saa sita ya mchana, huku wakimnyooshea andazi la kusindikiza salamu. Akikataa walimhurumia, wakamwambia ale kidogo tu, Mungu si polisi. Baba hakukasirika hata siku moja. Alisema salamu ni salamu, na mtu aliyejisumbua kukutakia heri usimrudishie mtihani wa dini.

Haya yote aliweza kuyacheka kwa sababu palikuwa na jambo moja asiloweza kulicheka, nalo ni ndugu zake. Alikuwa ameondoka Ndhiwa kijana, akaenda Mumias kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja Mwislamu, akarudi baada ya miaka na mke, kofia na jina jipya. Ndugu zake walimwambia shamba lake lipo, lakini jina lile aliache njiani. Hakuliacha. Tangu hapo hawakumwita kwenye jambo lolote la ukoo. Bibi, yaani mama yake mzazi, alipofariki, tulikwenda mazikoni na baba akaonyeshwa kiti upande wa wageni. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka vizuri alivyokaa, mikono juu ya magoti, mama yake mwenyewe akizikwa na wengine wakiulizwa maoni.

Mtu mmoja aliinuka upande wa wenyeji, akachukua kiti chake, akaja kukaa karibu na baba mpaka mwisho. Huyo alikuwa jirani yetu wa Homa Bay. Alikuwa Mkristo, karani wa serikali, mtu wa ukoo wa karibu na wetu kule Ndhiwa, na alikuwa rika moja na baba. Tangu siku ile baba alimchukulia kuwa ndugu, na sisi tuliambiwa tumwite baba mdogo. Mkewe akawa mama mdogo. Binti yake, aliyekuwa wa umri wangu, hakuhitaji jina la ukoo, kwa sababu tulikuwa tukishinda pamoja kutwa, kwao au kwetu, Jumapili nikila kuku wa kwao, na usiku tulitenganishwa kwa nguvu.

Baba mdogo alitujua. Hakuuliza kama mwezi umeandama. Alitoka nje akautafuta mwenyewe. Asubuhi ya Idi, baba akirudi kutoka msikitini, alimkuta keshafika, amevaa koti lake la ofisini, na salamu ya kwanza tuliyoipokea nyumbani ilikuwa yake: "Idi mubarak." Aliitamka sawasawa. Watoto wake waliimba nyuma yake, kisha wakala pilau mpaka wakashindwa kuinuka.

Krismasi nayo ilikuwa na utaratibu wake. Mkesha wa sikukuu baba mdogo alimleta mbuzi uani kwetu. Baba alinoa kisu chake, akamgeuza mnyama kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Hii ni desturi inayojulikana huko kwetu: ukitaka jirani Mwislamu ale kwako, unamwita Mwislamu achinje, naye unampa shingo iwe haki yake. Baba alipokea shingo na kesho yake tulikwenda wote kula. Miaka mitatu mfululizo Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani, na miaka hiyo baba mdogo alitufunikia sahani zetu mpaka jua lizame, akaketi naye akingoja, wageni wake wengine wakimshangaa. Baba alipenda sana kuhadithia hayo. Fundi mwenzake akilalamika kwamba Wakristo hawatuheshimu, baba alimwambia, "Mimi ninaye mmoja anayetosha."

Kisha baba mdogo akahamishiwa Migori. Walipakia vitu kwenye lori, mimi na binti yake tukalia tukavimba macho, na nyumba ile akaingia mtu mwingine ambaye hatukuzoeana naye.

Mwaka uliofuata Idi na Krismasi ziliingia wiki moja. Tulikuwa tumefunga, tumefungua, nguo mpya bado zinanuka duka, salamu ikafika kutoka Migori: njooni tule Krismasi, mbuzi yuko. Baba alifunga duka lake, yaani alifunika cherehani, jambo ambalo hakulifanya Desemba hata akiwa mgonjwa. Mama alipakia visheti vilivyobaki Idi. Baba alikifunga kisu chake katika kitambaa cheupe akakitia katikati ya nguo, kwa sababu alijua atachinja yeye.

Tulifika jioni ya mkesha, baada ya Rongo na Awendo na Uriri na vumbi la kote huko. Baba mdogo alitupokea kwa mikono miwili. Nyumba yake mpya ilikuwa kubwa, ya bati, na imejaa shemeji zake, ndugu wa mama mdogo waliokuja kusherehekea. Mbuzi alikuwa keshachunwa, ananing'inia nyuma ya jiko.

Baba alisimama akamtazama, mkoba wake wenye kisu bado mkononi.

"Mmechelewa, omera," baba mdogo akasema, akimshika bega. Omera ni neno ambalo mwanamume Mjaluo humwita ndugu au rafiki. "Lakini usijali. Nilimwita Mswahili mwenzako, yule mzee mwenye buchari hapa sokoni. Amechinja vizuri."

"Mmempa shingo yake?"

"Tumempa, tumempa."

Uso wa baba ulikunjuka. Alisema, "Ahsante kwa kunifikiria." Nilimsikia kwa masikio yangu, na kila nikiikumbuka shukrani ile roho yangu huwaka upya.

Kesho yake tulikula. Sitadanganya, nyama ilikuwa tamu, na tulicheka sana. Shemeji mmoja alitutakia Krismasi njema, mwingine akamwambia baba kwamba Waswahili nao siku hizi wamestaarabika, wanakula Krismasi. Baba mdogo akamkatiza: "Huyu ni ndugu yangu. Mbuzi amechinjwa kwa njia yake." Yule shemeji akatazama sahani yake, akatabasamu. Wakati ule sikulielewa tabasamu lile, nilidhani ni aibu.

Alasiri baba alitaka kwenda kuswali. Nyuma ya soko palikuwa na msikiti mdogo wa mabati. Mama aliniwekea visheti kwenye bakuli, akanituma nifuatane na baba, nimpe yule mzee wa buchari kwa kazi yake nzuri na kumtakia baraka za Idi, maana Idi ilikuwa haijapoa.

Mzee mwenyewe hakuwa mgumu kupatikana. Watu waliosali hawakufika hata safu mbili. Baba alimngoja mlangoni, wakasalimiana, wakatakiana Idi njema.

"Tumekuja kukushukuru, mzee," baba akasema. "Sisi ni wageni wa karani. Umetuchinjia."

"Nimewachinjia nini?"

"Mbuzi. Wa jana."

Mzee akamtazama baba, kisha akanitazama mimi na bakuli langu. "Ndugu yangu, mimi jana sikuwa hapa. Leo adhuhuri ndipo nimevuka mpaka. Idi nimekula kwa dada yangu Tarime."

"Labda kijana wako."

"Buchari imefungwa tangu kabla ya Idi. Ufunguo ninao." Aliutoa mfukoni kweli, akatuonyesha, kisha nadhani alijuta kuutoa, kwa sababu alimwona baba alivyobadilika. Akasema polepole, "Huenda ni mwingine."

"Kuna mwingine?"

"Hapa tuko wachache. Wote ndio hawa waliotoka sasa hivi. Waulize."

Baba hakuuliza mtu. Alinigusa kichwani nimpe mzee visheti, nikampa, akatuombea dua njema, tukaondoka. Njiani nilimwuliza baba tumekula nini.

"Tumekula mbuzi," akasema. "Mama yako usimwambie kwanza."

Nilikuwa nikitafuta akilini maelezo yoyote yatakayomtoa baba mdogo hatiani. Labda mzee ni msahaulifu. Labda kuna Msomali anayepita na ng'ombe. Nilimtafutia sababu kwa bidii, kwa sababu nilimpenda, na kila sababu niliyoipata iliishia kwenye ule ufunguo.

Nyumbani nilimkuta binti yake nyuma ya jiko, anasugua sufuria kwa majivu. Nilichuchumaa karibu naye.

"Nani alimchinja mbuzi?" nikamwuliza.

"Uncho," akasema. Ndivyo alivyomwita mjomba wake, yule aliyetabasamu. Hata sauti hakuipunguza.

"Mbona baba yako alisema ni yule mzee wa sokoni?"

"Si nyinyi mnapenda kuambiwa hivyo? Baba alisema mkiambiwa, mnakula vizuri."

Yeye akaendelea kusugua, kisha, kwa kuwa alikuwa rafiki yangu na hakuwa na sababu ya kunificha, akanimalizia. "Hata wale kuku wa Jumapili huko Homa Bay. Ulifikiri nani alikuwa anachinja? Mama ndiye alikuwa anachinja. Tungekuwa tunamtafuta baba yako kila Jumapili?"

"Mama yako alisema anawapeleka kwa mzee wa msikiti."

"Alikuwa anasema tu. Na haukuumwa, hata siku moja."

Nilichukua beseni la maji ya vyombo nikammwagia, kichwani mpaka miguuni, na gauni lake la Krismasi ambalo baba yangu alikuwa amelishona na kulituma kwa basi. Alipiga kelele, mama mdogo akatoka, nikakaripiwa mbele ya shemeji wote. Sikuomba msamaha, na mpaka leo sioni kwa nini ningeomba. Miaka yote ile nilidhani kuna mtu mmoja duniani ambaye simfichi kitu wala hanifichi. Kumbe kila Jumapili alikaa mbele yangu akinitazama natafuna, anajua, na hajawahi hata kuona kwamba ni jambo la kusema.

Jioni shemeji walipotawanyika, baba aliketi na baba mdogo nje, kwenye veranda ya mbele. Mimi nilikuwa nimeadhibiwa kukaa ndani, dirisha likiwa wazi juu yangu. Walizungumza Kijaluo. Baba hakupandisha sauti.

"Nimekutana na mzee wa buchari."

Baba mdogo akacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa akiiba sukari. "Omera, shemeji zangu walifika na njaa. Ningewaambia wakae wangoje kisu cha Homa Bay?"

"Ungeniambia. Ningekula maharagwe."

"Ule maharagwe kwangu, siku ya Krismasi?"

"Ningekula na kufurahi. Nimekuja kukuona wewe."

"Sasa umeumwa tumbo?"

"Sijaumwa."

"Basi tatizo liko wapi?"

Baba hakujibu. Nadhani kama baba mdogo angeishia hapo, wangeweza kusameheana. Angesema amekosea, shemeji walimbana, aibu ilimshika, na baba, ninavyomjua, angelimaliza jambo usiku ule ule na kulicheka baadaye. Lakini baba mdogo aliona ukimya ule kuwa nafasi ya kuzungumza ya moyoni, na akayazungumza kwa upendo, ndilo jambo linalonishinda mpaka leo.

"Sikiliza," akasema. "In Jaluo. Wewe ni Mjaluo, mtoto wa kwetu. Huu Uswahili ulikupata kazini, kama vile mtu anavyopatwa na homa ugenini. Mimi sijawahi kukuchukia kwa ajili yake. Nilikuwa nangoja upone."

"Unangoja tangu lini?"

"Tangu uliporudi na hiyo kofia. Idi nimekuja, mwezi nimeutafuta, kwa sababu mgonjwa habishiwi. Hata siku ile ya mazishi ya mama, ndugu zako walipotaka ukae na wageni, unafikiri niliwaambia nini? Niliwaambia, msimfukuze kabisa, atarudi. Mwacheni kwangu, nitakaa naye mpaka arudi."

Nilisikia kiti cha baba kikisukumwa nyuma. Hakutukana, hakulaani. Aliingia ndani, akamwambia mama afunge vitu, tutaondoka alfajiri na gari la kwanza. Mama akauliza kuna nini. Baba akasema, "Nimechoka."

Mama nilimwambia mimi, tulipofika nyumbani. Alilia kwa hasira, akaenda yeye mwenyewe kumwuliza sheikh wetu wa Homa Bay hukumu ya jambo lile. Sheikh akasema aliyekula bila kujua hana dhambi, dhambi ni ya aliyemdanganya. Mama alirudi na habari hiyo kama mtu aliyebeba dawa, akamsimulia baba mbele ya cherehani.

"Mimi sikuuliza habari ya dhambi," baba akasema, akaendelea kushona.

Sikumwona akihuzunika kwa njia ambayo watu huonyeshana. Alikuwa tu ameacha kuhadithia. Yule fundi mwenzake alipoanza tena wimbo wake wa Wakristo na dharau zao, baba alimkubalia kwa kichwa, akatafuta mkasi. Mimi nilielewa kilichoondoka. Ndugu zake wa kuzaliwa walikuwa wamemkataa wazi, na hilo alilizoea. Huyu mmoja alikuwa amemkubali jinsi alivyo, na kwa sababu yake baba aliweza kusema kwamba hakupoteza kitu kwa kufuata dini yake. Sasa alijua kwamba hata huyu mmoja hakuwahi kukaa naye. Alikuwa ameketi miaka yote ile na mtu mwingine, Mjaluo wa zamani anayetarajiwa kurudi, na yeye baba yangu alikuwa tu yule anayevumiliwa wakati wa kungoja.

Miezi miwili hivi baadaye ikaja Idi ya kuchinja. Baba alichinja kwa ajili yetu na majirani, mama akapika tangu alfajiri. Tulikuwa hatujaanza kula nilipomwona baba mdogo anaingia uani, peke yake, koti lake lile lile, na furushi la sukari mkononi. Alikuwa amesafiri kutoka Migori na gari la asubuhi.

Nilitaka baba amfukuze. Nilitaka amtupie sukari yake njiani na majirani wote watoke waone. Nilisimama mlangoni, na baba mdogo aliponitabasamia na kunyoosha mkono nilimpa mgongo. Mama alinivuta kando.

"Idi mubarak, omera," baba mdogo akasema. Kisha akaendelea kwa Kijaluo, kwa haraka kidogo, kuuliza afya, kusema njia ilikuwa mbaya, kusema watoto wanatusalimia.

Baba aliinuka mkekani. Alimpa mkono, akaushika wake kwa mikono yake miwili kama inavyostahili mgeni wa sikukuu.

"Karibu, bwana," akamjibu kwa Kiswahili. "Karibu uketi. Pole na safari."

Wale wawili hawakuwahi kuzungumza Kiswahili wao kwa wao. Kiswahili baba alikizungumza na mama, na sisi, na msikitini, na wateja wasiojua Kijaluo, na maofisa. Baba mdogo alidhani ni mzaha, akacheka, akaendelea na Kijaluo. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu tena kwa Kiswahili, taratibu, bila kejeli. Watoto hawajambo? Kazi inaendeleaje? Mvua ya Migori imeanza? Alimkaribisha maji ya kunawa. Alimwekea nyama iliyo nzuri kuliko zote. Hakumnyima kitu ambacho mgeni hupewa.

Baba mdogo alijaribu tena, mara ngapi sijui. Sauti yake ilikuwa inapungua. Mwishowe naye akaingia kwenye Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, cha kuitia watu mmoja mmoja dirishani.

"Chakula ni tamu," akasema.

"Ahsante, bwana."

"Mama ya watoto anasalimia nyinyi."

"Tumepokea. Mpe salamu zetu."

Alikula kidogo. Alikitazama chakula, akamtazama baba, na sukari yake ilikuwa bado imelala mkekani, hakuna aliyeichukua wala aliyeikataa. Alipoinuka baba aliinuka naye, akamsindikiza mpaka barabarani, akasimama mpaka alipopata gari. Majirani waliowaona wangesema ni watu wanaoheshimiana sana.

Mimi nilikuwa jikoni, nimefura. Nilimwuliza mama kwa nini baba hakumfukuza, baada ya yote yale, kwa nini amempa nyama nzuri kuliko yetu.

Mama alikuwa anapakua, hakugeuka. "Kama angekuwa bado ni ndugu yake," akasema, "angemfukuza."